Bustani ya vuli Houston: kalenda inayohesabiwa kinyumenyume

Mwaka wangu wa kwanza Houston nilipanda sukuma wiki mwezi wa Aprili, kwa sababu ndipo maduka yalipojaza miche milangoni. Kufika Juni majani yalikuwa magumu kama soli, machungu, na upande wa chini yamejaa vidukari. Jirani yangu, bibi mmoja Mmarekani Mweusi aliyehamia hapa kutoka Louisiana, alichungulia juu ya ua akacheka. "Mwanangu, nani alikwambia upande hiyo sasa? Hiyo hupandwa shule zikifunguliwa."

Shule za hapa hufunguliwa Agosti, joto likiwa nyuzi 95 na zaidi za Fahrenheit, yaani 35 za Selsiasi. Mimi nimekulia Lushoto, milimani Tanzania, na kwetu baridi ya karoti na kabichi inaletwa na mlima. Ukiitaka zaidi unapanda juu, ukiichoka unashuka Mombo, chini ya mlima. Houston ni tambarare kama sinia, hakuna mlima wa kupanda. Hapa unakaa palepale, baridi inakufuata, na kazi yako ni kuwa na mche uliokwisha kushika mizizi siku itakapofika. Ndiyo maana bustani ya vuli huanzia kwenye jua kali. Anayengoja mpaka hewa ipoe ndipo ashike jembe amechelewa kwa miezi miwili.

(Neno "vuli" nalitumia kwa kulivuta kidogo. Kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Huku ni majira kati ya joto na baridi. Miezi inakaribiana, basi tusigombane.)

Kwanza, tafuta tarehe ya jalidi kisha rudi nyuma

Jalidi ni ule umande unaoganda usiku joto likishuka hadi sifuri ya Selsiasi, nyuzi 32 za Fahrenheit. Nyanya, maharage, bamia, matango na mchicha hulala jioni wazima, wakaamka weusi. Houston jalidi ya kwanza kwa kawaida huja Desemba, mapema zaidi kaskazini ya mji na baadaye ukisogelea bahari. Mimi natumia tarehe 5 Desemba. Miaka mingine haiji mpaka Januari, lakini sipangi bustani kwa kutegemea bahati.

Sasa chukua pakiti ya mbegu. Imeandikwa, tuseme, siku 55 kwa maharage mabichi. Ongeza siku 14, kwa sababu siku za vuli zinafupika na mmea unakua polepole kuliko ilivyoandikwa. Ongeza siku 21 za kuchuma, maana hukupanda ili ule mara moja. Jumla ni siku 90. Ukirudi nyuma siku 90 kutoka 5 Desemba unaangukia 6 Septemba. Hiyo ndiyo siku ya kufukia maharage.

Nyanya inatisha zaidi. Aina ya siku 70 tangu kupandikizwa, ongeza 14, ongeza wiki nne za kuchuma: siku 112. Mche unatakiwa uwe ardhini 15 Agosti. Na mche huo ulihitaji wiki sita kitaluni, kwa hiyo mbegu inasiwa tarehe 4 Julai. Majirani wakiwasha fataki za sikukuu yao ya uhuru, mimi niko barazani na trei ya nyanya. Usichague minyanya inayochukua siku 90. Tafuta zinazowahi, na za vitunda vidogo ndizo zinazokosea mara chache. Maua ya nyanya hupukutika bila kufunga tunda usiku ukizidi nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo mche wa Agosti utakaa mwezi mzima unatoa majani na maua ya bure, na mtu asiyejua ataung'oa. Uache. Usiku ukianza kupoa mwishoni mwa Septemba, utafunga.

Sukuma, kabichi, brokoli, karoti, figili na kotmiri hazina hofu hiyo ya Desemba. Zenyewe hesabu yake ni nyingine: ziwe na ukubwa wa kutosha kabla siku hazijawa fupi mno. Hapo ndipo sisi tuliotoka karibu na ikweta tunapojikwaa.

Kivuli cha ua

Lushoto tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni kama nusu saa. Huoni. Houston mwezi Juni mchana una saa 14, Desemba una saa 10 na robo. Tena jua lenyewe linahama. Juni linapita karibu na utosi. Desemba linapita kusini, chini, kwenye pembe ya nyuzi 37 hivi adhuhuri.

Hesabu yake ni hii. Ua wa mbao wa futi 6, ule ulio nyuma ya karibu kila nyumba hapa, adhuhuri ya Juni unatupa kivuli cha chini ya futi moja. Adhuhuri ya Desemba ua uleule unatupa kivuli cha futi 8 kuelekea kaskazini. Tuta ulilolipima Julai ukaliona liko juani kutwa, Desemba litakuwa gizani. Nimefanya kosa hilo, nikapata kabichi za ukubwa wa ngumi.

Basi, ukiwa na ua upande wa kusini wa kiwanja, tuta la vuli lisogee mbali nao, angalau futi 8 hadi 10. Mboga za majani zinavumilia saa nne au tano za jua. Nyanya, brokoli na karoti zataka sita na zaidi. Mimea mirefu na ya kutambaa iwekwe upande wa kaskazini wa tuta isije ikawaziba wenzake.

Udongo

Udongo wa sehemu kubwa ya Houston ni mfinyanzi mweusi. Ukilowa unashika kiatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Unaweza kuurekebisha kwa miaka, au ukafanya wanavyofanya wengi: tuta lililoinuliwa. Fremu ya mbao ya futi 4 kwa 8, kina inchi 12, hula futi za ujazo 32, yaani yadi moja na kidogo. Kununua mifuko ni kutupa hela; agiza udongo wa bustani uliochanganywa na mboji kwa yadi, uletwe na lori, mgawane na jirani. Mfinyanzi wa chini uutifue kwanza kwa uma kabla ya kumwaga, la sivyo maji yatatuama pale udongo mbili zinapokutana.

Kama utatumia ardhi iliyopo, pima. Texas A&M AgriLife Extension, ambao ndio mabwana shamba wa huku, wanapokea sampuli kwa posta kwenye maabara yao College Station. Pia wana kalenda za kupanda za kila kaunti. Nyingi ya bustani za hapa zina magadi kuliko mmea unavyopenda, hivyo usije ukamwaga majivu ya jiko kwa mazoea ya nyumbani. Yatazidisha.

Magugu mawili utayatambua mara moja: ukoka na ndago. Ni walewale wa nyumbani, wamevuka bahari kama sisi. Ukoka ung'oe na mizizi yake yote kabla ya kujenga tuta. Ndago hata ukitandika maboksi itatoboa. Chimba uondoe vitunguu vyake vya chini kimoja kimoja, halafu rudi kila wiki. Sijaona njia ya mkato.

Na hapa niseme habari ya samadi, maana iliniuma. Mwaka wangu wa tatu mtu mmoja alinipa samadi ya farasi bure, gari zima, imeoza vizuri, nyeusi, haina harufu. Nikaimwaga kwenye matuta yote. Baada ya wiki tatu ncha za minyanya zilijikunja kama ngumi ya mtoto, majani mapya yakawa membamba kama kamba. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe farasi walilishwa nyasi kavu kutoka malisho yaliyopigwa dawa ya magugu ya jamii ya aminopiralidi. Dawa hiyo haiui nyasi, hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, na hudumu kwenye samadi hata ikishaoza. Nyanya, maharage na viazi hudhurika hata kwa kiasi kidogo sana.

Sasa siingizi samadi, mboji ya kununua wala majani makavu ya kutandaza bila kuyajaribu. Chukua kopo tatu, ujaze udongo wako uliochanganywa na samadi hiyo. Kopo tatu nyingine ujaze udongo mtupu. Panda maharage matatu kila kopo. Ngoja wiki tatu, mpaka majani ya kweli yatokee seti mbili au tatu. Yakinyooka sawa na ya upande wa pili, samadi ni salama. Yakijikunja, irudishe ilikotoka. Jaribio hili lianze Juni au Julai, ili majibu yawahi Agosti.

Kitalu cha Agosti

Mbegu za sukuma huitwa collard madukani, na ile iliyoandikwa Georgia ndiyo iliyo karibu zaidi na tuliyoizoea. Usibebe mbegu za nyumbani kwenye begi bila hati ya afya ya mimea. Zitachukuliwa uwanja wa ndege, na ni haki yao.

Sia trei wiki ya mwisho ya Agosti. Jua la moja kwa moja litaivisha miche kabla haijaota, kwa hiyo weka chini ya mti au chini ya wavu wa kivuli, mahali penye mwanga na hewa. Sukuma na kabichi huota siku nne hadi saba. Maji mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwa kopo lenye matundu madogo. Ikifikisha majani manne, anza kuisogeza juani kwa muda wa saa moja, kesho saa mbili, mpaka ishinde nje. Wiki ya tano au ya sita inaingia tutani, jioni, inchi 18 hadi 24 kati ya mche na mche. Utaona nafasi ni kubwa mno na utashawishika kubananisha. Ukibananisha utakula majani madogo.

Saladi ni mkaidi: mbegu yake ikihisi joto la nyuzi 29 za Selsiasi hujifunga, haioti kabisa. Ingoje Oktoba. Spinachi ingoje mpaka mwishoni mwa Oktoba au Novemba.

Kotmiri, au giligilani ukipenda, usinunue pakiti ya bustani. Nenda maduka ya Kihindi ya Hillcroft ukanunue zile mbegu nzima za kupikia, kiganja kimoja kinatosha msimu. Kila punje ni mbegu mbili zilizofumbatana. Zipitishie chupa juu yake taratibu zitengane, loweka usiku mmoja, panda Oktoba. Kwenye joto hukimbilia kutoa maua. Kuanzia Novemba utavuna mpaka uombe watu waje wachukue.

Karoti haipandikizwi. Shida yake ni siku 10 hadi 14 za kwanza, maana mbegu iko juujuu na uso wa udongo hapa hukauka kwa saa tatu. Nyumbani tulitandaza nyasi. Hapa natumia ubao: choma mfereji wa nusu inchi, mwaga mbegu, fukia kidogo sana, mwagilia, kisha laza ubao juu yake. Kuanzia siku ya tano uinue kila asubuhi uchungulie. Siku utakayoona uzi wa kijani wa kwanza, ubao uondoke hapohapo. Ukichelewa siku mbili, miche itakuwa mieupe na imelala. Panda katikati ya Septemba hadi Novemba, mstari mmoja kila wiki tatu.

Mboga zetu za joto nazo zina nafasi yake. Mchicha na kunde za majani ukipanda mwishoni mwa Agosti utachuma Septemba na Oktoba yote, wakati zile za baridi bado ni watoto. Ndizo zinazoziba pengo la mezani. Bamia ya kiangazi usiing'oe, ipunguze nusu urefu Agosti, itachipua upya.

Wewe unayekaa apatimenti, ndoo ya galoni 5 iliyotobolewa chini mara nne inabeba mche mmoja wa sukuma au mnyanya mmoja mdogo, na kotmiri ya familia nzima. Ndoo hukauka haraka, ndiyo adha yake.

Maji, mbolea, na wanaokula kabla yako

Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Mpira wa matone uliolazwa tutani chini ya matandazo unaokoa maji na unazuia magonjwa ya majani. Kipimo changu ni kidole: kikizama hadi kiungo cha pili na kukuta ukavu, mwagilia, kikikuta unyevu, nenda zako. Oktoba wengi wanaendelea na ratiba ya Agosti, wanaozesha mizizi.

Wiki tatu baada ya kupandikiza, sukuma na kabichi zinataka mbolea ya kukuzia. Inayopatikana kila mahali ni mfuko ulioandikwa 21-0-0, yaani salfeti ya amonia, ambao unafaa udongo wetu wenye magadi. Kijiko kimoja cha chai kuzunguka kila mche, inchi sita kutoka shina, halafu maji. Rudia baada ya mwezi. Nyanya usizipe hivyo, zitakuwa miti.

Adui mkuu wa vuli ni viwavi wa kabichi. Vipepeo vyeupe na nondo hutaga chini ya jani, na Septemba joto linawapa nguvu. Pinduapindua majani kila jioni mbili, ponda unachokikuta. Wakizidi, nyunyizia dawa ya bakteria iitwayo Bt. Humdhuru kiwavi anayeila tu, na jua huivunja, kwa hiyo ipige jioni na uirudie baada ya mvua. Kunguni wa rangi nyeusi na ya chungwa waokote ndani ya kopo la maji ya sabuni. Sisimizi wekundu wanaochoma hupenda udongo laini wa tuta kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kuzamisha mkono, gonga ubao wa fremu uangalie nani anatoka.

Kimbunga na usiku wa baridi

Msimu wa vimbunga hauishi mpaka 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba, hasa wakati miche yako ni laini. Kwa hiyo usipandikize yote siku moja. Bakiza theluthi kwenye trei, ambayo inaingia bafuni tangazo likitoka. Mvua ya inchi tano kwa usiku mmoja si habari ya ajabu huku, na tuta lililoinuliwa ndilo litakalookoa mizizi.

Jalidi ikitangazwa, chuma nyanya zote zilizoanza kupauka, zitaivia ndani. Mwagilia udongo mchana, maana udongo uliolowa unahifadhi joto. Jioni funika kwa mashuka ya zamani mpaka yaguse ardhi pande zote, yakandamize kwa matofali. Plastiki ikigusa jani inaliunguza. Asubuhi funua. Sukuma kwa baridi ya kawaida ya hapa huhitaji kufunikwa mara chache sana. Majani yaliyopigwa na jalidi mara moja au mbili huwa matamu kuliko ya Novemba, na yule bibi jirani hachumi za sikukuu kabla ya hapo. Mwaka wa 2021 ulikuwa mwingine: tarehe 16 Februari joto lilishuka hadi nyuzi 13 za Fahrenheit, karibu 11 chini ya sifuri ya Selsiasi, umeme umekatika. Shuka halikusaidia kitu. Karoti tu ndizo tulizozichimba zikiwa nzima.

Vitunguu, halafu maua

Matuta yanayoachwa na nyanya na maharage Desemba yasikae bure. Weka vitunguu. Kitunguu hukisia urefu wa mchana ndipo kifanye kichwa, na mahali kama Houston panataka aina za siku fupi. Zile za majimbo ya kaskazini zitatoa majani mpaka uchoke. Inayojulikana zaidi ni 1015, kitunguu kitamu kilichozalishwa Texas A&M, na jina lake ni tarehe ya kusia mbegu, 15 Oktoba. Mimi hununua miche tayari na kuipandikiza kati ya mwishoni mwa Desemba na Januari, inchi nne kwa nne, isizame zaidi ya inchi moja. Vitavunwa Mei, shingo zikilala zenyewe.

Sukuma utaendelea kuichuma majani ya chini, manne au matano kila shina kwa wiki, hadi Machi. Hapo shina litarefuka ghafla na kutoa vichwa vidogo vya kijani. Usilaumu mbolea, ni baridi iliyopita na joto linalorudi. Vikate kabla havijafunguka njano, vikaange na kitunguu na nyanya kidogo kama brokoli. Shina linachipua tena pembeni, na utakula hivyo kama wiki tatu kabla ya kuling'oa upishe bamia.